Pasi Mfukoni Mwangu



Wasomaji wa jarida hili, hususan akina mama wanaojiandaa kwa Umra, wameniomba mara kadhaa niandike juu ya adabu za safari. Nimekuwa nikiahirisha. Si kwa kukosa la kusema, maana vitabu vya fiqhi vina milango mizima kuhusu msafiri: kupunguza sala, kuzikusanya, kupangusa juu ya khofu, dua ya kupanda chombo. Nimeahirisha kwa sababu kila nikishika kalamu hunijia safari moja ambayo aibu yake ilinipata mimi, na haikutokana na mlango wowote katika milango hiyo. Leo nitaisimulia. Mama wa wanangu amenipa idhini, kwa sharti moja: nisijitetee.

Ilikuwa Shaabani, miaka michache iliyopita. Nilikuwa kiongozi wa msafara wa Umra wa watu 17, nami nikiwemo. Wanawake walikuwa 11, wengi wao watu wazima sana, kutoka Mji wa Kale, Kisauni na Likoni. Mwenzangu alikuwa mmoja katika hao 11. Mimi nilikwisha kwenda zaidi ya mara moja kwa kazi hii ya kuongoza watu. Kwake ilikuwa mara ya kwanza, na nauli aliichanga mwenyewe kwa mahamri na mbaazi za asubuhi, kwa muda wa miaka sita. Naomba msomaji aliweke hilo akilini. Fedha zilikuwa zake na pasi ilikuwa yake. Lakini pasi hiyo, tangu siku ilipotoka hadi usiku nitakaousimulia, haikuwahi kukaa mkononi mwake kwa muda wa saa moja.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. (Nadhani hapa tayari najitetea, lakini naomba nivumiliwe.) Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa jinsi karatasi za serikali zilivyokuwa adimu kwetu. Wengi wetu, kwa kuwa tuna majina ya Kiarabu au ya Kibajuni, tumewahi kukaa mbele ya kamati za uchunguzi tukitakiwa kuleta vyeti vya babu, ilhali babu alizaliwa kisiwani na mkunga wake hakujua kalamu. Mwenzangu alikwenda na kurudi mara nne kwa ajili ya kitambulisho, akiwa amempakata mtoto. Kwa hiyo pasi yake ilipotoka niliipokea kama mtu apokeavyo dhahabu. Niliifunga katika kitambaa, nikaiweka pamoja na yangu ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo nikawa natembea nao. Nilidhani huko ndiko kumtunza.

Usiku mmoja, baada ya Isha, nilikaa na pasi 17 mbele yangu nikawa naandika katika simu jina, nambari na tarehe za kila mtu, ili nimpelekee wakala atuombee viza. Wenye kuijua kazi hii wanajua ilivyo. Jina la Mohamed lina maendelezo mengi, na mashine haina huruma: lililo kwenye pasi ndilo liwe kwenye viza, na ndilo liwe kwenye tikiti. Neno "bint" huwamo katika cheti cha kuzaliwa, likapotea kwenye kitambulisho, likarudi kwenye pasi. Pasi iliyobakiwa na muda wa chini ya miezi sita hukataliwa katika nchi nyingi, hata kama safari ni ya siku kumi tu. Na tangu Kenya ilipoanza kutoa pasi za kielektroniki za Afrika Mashariki mwaka 2017, nyumba nyingi zilikuwa na pasi mbili za mtu mmoja kabatini, ya zamani na mpya, nambari zake mbalimbali. Ukimpa wakala nakala ya ile ya zamani kwa kusahau, viza hutoka kwa pasi isiyotumika tena.

Hayo yote niliyachunga. Kila mmoja wa mahujaji wangu 15 nilimwita, nikampa karatasi, nikamwambia asome jina lake na nambari yake taratibu, kisha aniambie kama ni sawa. Bibi mmoja wa Kisauni asiyejua kusoma nilimtaka aje na mjukuu wake. Mwenzangu sikumwita. Pasi yake niliijua mwenyewe, nilijiambia, na alikuwa jikoni, na usiku ulikuwa umekwisha kwenda. Nambari yake nikaiandika mwisho, usingizi ukiwa umenikaba. Palipokuwa na 68 nikaandika 86.

Mwanzo wa safari hakuna aliyegundua. Tulifika mji mmoja wa Ghuba, tulikotakiwa kubadili ndege, saa nne za usiku. Wanaume tukaoga na kuvaa nguo za ihramu, maana ndege hupita miqati kabla ya kutua Jidda. Nia tulikuwa hatujaiweka. Hiyo ingewekwa angani, miqati ikikaribia. Langoni nikasimama mbele ya watu wangu, shuka mbili nyeupe mwilini na rundo la pasi mkononi, nikijiona nahodha.

Afisa alizipitisha pasi kwenye mashine moja baada ya moja. Ya mwenzangu ikakataa. Akaipitisha tena. Akachukua karatasi ya viza, akaiweka kando ya pasi, akafuata nambari kwa ncha ya kalamu, kisha akamwita mwenziwe. Mimi nikasogea, na Kiarabu changu cha madrasa kikiwa kimenyooka, nikaanza kueleza. Hakunisikiliza. Alimtazama mwenzangu, akamwuliza jina lake. Nikajibu mimi. Akamwuliza alizaliwa lini. Nikajibu mimi. Akamwuliza, "Mtu huyu ni nani wako?" Nikajibu, "Mimi ni mumewe."

Afisa akaweka kalamu chini. "Sikukuuliza wewe," akasema.

Wakamwingiza katika chumba cha vioo, pamoja na afisa wa kike. Mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi na nisilikaribie lango. Kupitia kioo niliweza kumwona lakini sikuweza kumsikia. Nilimwona akiulizwa, nikamwona akitikisa kichwa, nikamwona akifunua viganja vyake vitupu. Miaka 27 ya ndoa, na sikuwahi kumwona akionyesha viganja namna ile.

Baadaye alinieleza maswali yenyewe. Walimwuliza tarehe ya kuzaliwa, naye akasema kweli aijuayo: alizaliwa mfungo sita, wiki ya Maulidi. Pasi inasema tarehe 1 Januari, kwa sababu cheti chake kilitolewa akiwa mtu mzima na karani aliandika lililokuwa jepesi. Nani alikuwa ametunuiza tarehe hiyo alipojaza fomu ya pasi? Mimi. Wakamwuliza pasi ilitolewa mwaka gani, hakujua. Nambari yake, hakujua. Wakala ni nani, hakujua. Hoteli ya Makka inaitwaje, hakujua. Kwa nini pasi yake imekuwa mfukoni mwa mwanamume. Hapo akanyamaza, kwa sababu, aliniambia, ndiyo kwanza alikuwa anajiuliza swali hilo yeye mwenyewe. Wakataka cheti cha ndoa. Cheti kilikuwa nyumbani, ndani ya kisanduku kilekile cha chuma.

Kiarabu cha mazungumzo hakijui, ingawa Qur'ani anaisoma vizuri kuliko wengi wa wanafunzi wangu. Mimi hawakunikubali niwe mkalimani. Wakamtafuta mfanyakazi wa usafi, binti wa Kikenya kutoka upande wa Kakamega, aliyekuwa akipiga deki karibu na lango. Aliweka ufagio wake ukutani akaingia. Alipotoka, baada ya kama nusu saa, alikuja akasimama mbele yangu.

"Mzee," akanambia, "usiwaone wabaya. Hapa wanapita wasichana wengi waliouzwa. Anakuja mwanamume, pasi zote anazo yeye, na maswali yote anajibu yeye. Sasa wewe ulivyosimama pale, ulifanana nao."

Nilikuwa nimevaa ihramu. Ndevu zangu zina mvi. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini. Na binti yule alisema kweli: nilifanana nao.

Nikamwuliza, kwa kutaka tu kubadilisha mazungumzo, pasi yake yeye iko wapi. Akacheka kidogo. "Iko kwa kampuni," akasema. "Tangu siku nilipofika." Akachukua ufagio wake akaenda zake.

Saa saba za usiku afisa wa kike alimtoa mwenzangu chumbani akamketisha karibu nami. Aliwaamini, au labda walimwamini yeye, sikuambiwa. Lakini viza yenye nambari isiyo ya pasi haifai, na mlango wa ndege ulikuwa karibu kufungwa. Watu wengine 16 walikuwa huru kwenda, mimi nikiwa mmoja wao. Mahujaji wangu walikuwa wamesimama wakinitazama. Yule bibi wa Kisauni alikuwa ameanza kulia.

Nawaambia kweli kwamba nilisita. Watu 15 ni amana. Walinilipa niwaongoze, wengi hawajawahi kupanda ndege, na wapo ambao wasingeijua Hajar al-Aswad iko pembe gani. Katika fiqhi ya safari kiongozi ana wajibu kwa aliowachukua. Niliyapima hayo yote, nimesimama pale, kwa muda ambao haukufika dakika mbili, lakini mwenzangu aliuona. Hajawahi kunilaumu kwa dakika hizo. Anazikumbuka, hata hivyo, na mimi nazikumbuka.

Nikabaki. Msafara nikamkabidhi mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Likoni, ambaye katika darasa zangu za maandalizi alikuwa akiandika kila neno kwenye daftari, hadi nikimwona anasumbua kwa maswali yake. Na wanaume nikamkabidhi kijana mmoja mwenye akili. Walitufu, wakasai, wakapunguza nywele, pasina kosa hata moja. Daftari lile liliwatosha.

Tukabaki sisi wawili kwenye benchi, mimi na shuka zangu katika baridi ya mashine za hewa, yeye na baibui lake. Wakala wa Mombasa hakupokea simu; kwao pia ulikuwa usiku. Nilianza kusema maneno ya kujilaumu, naye akanikatisha.

"Maalim," akasema, "hata Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alizuiliwa Umra."

Alikuwa anakusudia Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra, Mtume alipofika karibu na Makka na masahaba wapatao 1,400, na Makureshi wakawazuia. Kisa hicho nimekifundisha mara nisizoweza kuhesabu. Hufundisha mkataba, na subira, na bay'a ya chini ya mti. Mwenzangu hukikumbuka kwa lingine: kwamba masahaba walipoambiwa wachinje na wanyoe wakalemewa na huzuni wasiinuke, Mtume aliingia katika hema la Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, na ni yeye aliyempa shauri la kutoka na kuanza mwenyewe bila kusema na mtu. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata.

"Sasa mimi nina shauri," akasema mwenzangu. "Nipe pasi yangu."

Nikampa. Akaifungua magotini. Nadhani ndipo aliposoma kwa mara ya kwanza kurasa zake zote. Alisoma nambari kwa sauti, tarakimu moja moja, akaisoma ile ya viza, akaniwekea kidole hasa penye kosa. Kisha akaniuliza mistari miwili ya chini, yenye herufi na vialama kama vichwa vya mishale, ni ya nini. Nikamweleza kuwa hiyo ndiyo isomwayo na mashine, na kwamba ndani yake mna jina, uraia, nambari ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha. Akaitafuta nambari yake humo pia, akaipata. Baada ya Alfajiri ndiye aliyezungumza na wakala, akamsomea nambari mara mbili, akamtaka na yeye aisome. Viza mpya ikafika kwenye simu alasiri. Tikiti zetu zilikuwa zimepotea. Nyingine tulizinunua kwa fedha alizokuwa ameweka za kuwanunulia watoto na majirani zawadi. Hata tende hatukuweza kurudi nazo za kutosha, na wapo jirani walionuna.

Liko jambo moja la fiqhi ambalo nataka akina mama walijue, maana lilituhusu usiku ule. Bukhari na Muslim wamepokea, kwa njia ya Bibi Aisha, kwamba Dhubaa bint Zubeir, binti ya ami yake Mtume, alitaka kuhiji naye ni mgonjwa. Mtume akamfundisha ahirimie na aweke sharti: kwamba akizuiliwa, basi hapo alipozuiliwa ndipo atakapofungukia. Katika madhehebu yetu ya Shafi sharti hilo lina nguvu. Aliyeliweka, kisha kikampata alichokitaja, hutoka katika ihramu bila ya kudaiwa kuchinja, iwapo hakujisharitisha kuchinja. Nililifundisha kila mwaka kama jambo la wagonjwa. Kwenye benchi lile mwenzangu aliniuliza, "Huyo aliyefundishwa si mwanamke?" Nikasema ndiye. "Na ni yeye mwenyewe aliyemweleza Mtume hali yake?" Nikasema, naam, ndivyo inavyoeleweka. Hakuongeza neno. Tulipofika miqati usiku uliofuata, tuliweka nia na tukaweka sharti, kila mtu kwa ulimi wake.

Umra aliipata, alhamdulillah. Alilia alipoiona Al-Kaaba, na mimi nililia kwa kumwona yeye.

Tuliporudi nilimpa ufunguo wa kisanduku. Akaukataa; akasema hataki ufunguo, anataka pasi. Sasa iko katika sanduku lake la nguo, baina ya leso, pamoja na cheti cha ndoa na nakala ya kitambulisho. Miezi minane kabla ya kwisha muda wake alinikumbusha yeye, pamoja na yangu ambayo nilikuwa nimeisahau.

Pengine ningeishia hapo, lau si jambo la mwaka jana. Jirani yetu, mjane, alimleta binti yake nimsomee dua. Msichana ana miaka 23, alikuwa amepata kazi ya nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Nilimsomea. Nilipomaliza, mwenzangu alimwambia, "Njoo ndani, mwanangu," na wakakaa huko tangu Alasiri hadi Magharibi. Kupitia pazia nilimsikia akimwambia mambo ambayo mimi, katika dua yangu yote, sikuyagusa. Kwamba pasi ni mali ya Serikali ya Kenya, imeandikwa humo humo, wala si ya mwajiri, wala si ya wakala, wala si ya mume. Kwamba sheria za nchi kadhaa za Ghuba zenyewe zinamkataza mwajiri kuishikilia pasi ya mfanyakazi, hata kama wapo wengi wanaofanya hivyo. Kwamba nakala moja ya pasi, moja ya viza na moja ya mkataba vibaki kwa mama yake, na picha zake ziwe katika simu ya kakake. Kwamba Kenya ina balozi huko, na nambari ya simu ya ubalozi asiiweke ndani ya simu tu, maana simu huchukuliwa. Aihifadhi kichwani, kama ahifadhivyo sura. Kwamba pasi ikipotea au ikizuiliwa, ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

Kisha akamtaka asome nambari ya pasi yake bila kuitazama. Msichana akakosea tarakimu moja. "Anza tena," akasema mwenzangu. Akakosea tena. "Anza tena, mwanangu." Nadhani walirudia mara kumi.

Wiki ya tatu tangu aondoke, mama yake alikuja mbio na simu mkononi, imewekwa sauti ya juu, akaketi mkekani kwetu bila hata kubisha hodi. Msichana alikuwa anazungumza chini chini.

"Mama, bibi mwenye nyumba ameitaka pasi. Amesema wote waliotangulia walimpa, aiweke kabatini isipotee."

"Nawe umemwambiaje?" akauliza mwenzangu.

"Nimemwambia haitapotea, iko kwangu. Amesema atamwita mumewe."

"Nambari ya ubalozi unayo?"

Msichana akaisoma yote, haraka, bila kukosea. Kisha tukasikia mlango ukifunguliwa upande wake, na simu ikakatika. Mama yake alitaka kupiga tena. Mwenzangu akamshika mkono, akasema tungoje apige yeye. Tulikaa hivyo, watu watatu, simu katikati ya mkeka, hadi muadhini akaadhini Isha. Saa nne kasoro ikaja taarifa fupi ya maandishi, maneno mawili tu: "Bado ninayo."